Kanga, Kicheche na Neno Lililokatwa Mkia

Paukwa!
Pakawa!
Paka wa nani?
Paka wa jikoni!
Kakaa wapi?
Kakaa mekoni, kakunja mkia, katega sikio!
Basi nasi tukae, tutege sikio, hadithi isije ikatupita mlangoni.

Hapo zamani, zamani za mababu wa mababu, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna kama watu, palikuwa na bonde lililoitwa Tulizana. Na siku ninayoanzia walikuwapo hawa. Alikuwapo Pongo, mwamuzi wa bonde, mwenye madoa meupe ubavuni. Alikuwapo Ngiri, mkulima, mwenye uso ambao hata mama yake aliuzoea polepole. Alikuwapo Hondohondo, mpiga mbiu, mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Alikuwapo Nungunungu, ambaye hakuna aliyependa kukaa karibu naye, si kwa ubaya wake, kwa miiba yake. Alikuwapo Panya, kinyozi. Alikuwapo Kanga, mlinzi wa kihenge, na vifaranga wake wamejipanga nyuma. Na katikati yao, kamba mguuni, alikuwapo Kicheche, mwizi.

Basi, ni hao tu. Wengine walikuwa mashambani.

Kihenge chenyewe kilikuwa kapu kubwa la fito, limekandikwa udongo, limesimama juu ya mawe na kuvikwa kofia ya nyasi. Ndani yake zilikaa mbegu za bonde zima: mtama, karanga, choroko, kunde. Chakula kila mmoja alijiwekea kwake, lakini mbegu zilikuwa za wote. Aliyegusa chakula amegusa leo. Aliyegusa mbegu amegusa mwaka ujao.

Kanga alipewa ulinzi kwa sababu macho yake hayachoki, na akipiga kelele husikika ng'ambo ya kilima. Alikuwa mama wa vifaranga wengi, mwenye manyoya mazuri ya kichwa, membamba, meusi, yaliyotikisika alipotembea. Akina mama wenzake walimsifia manyoya hayo, naye alijua.

Kicheche alikuwa ameshaiba mara moja kabla ya siku hiyo. Mwaka wa njaa aliiba karanga, akakamatwa, akanyolewa mkia. Panya ndiye aliyemnyoa, kwa meno. Watoto wakamcheka, mkia ukaota tena, yakaisha.

Sasa ameiba mara ya pili. Na safari hii alikula kunde nyekundu za Ngiri, yeye na mwanawe, wakazimaliza.

Ngiri alipiga magoti katikati ya mkutano. Ngiri hupiga magoti anapochimba, anapokula na anapolia, kwa hiyo si rahisi kujua ni lipi. Siku hiyo alikuwa akilia.

"Kunde zile nimeachiwa na mama yangu," alisema. "Hakuna mwingine bonde hili aliyekuwa nazo. Leo nikitaka kuzipanda, nizipate wapi? Nizitoe tumboni mwake?"

Kicheche akainamisha kichwa. "Mzee Ngiri, nisamehe. Mtoto alikuwa na njaa."

"Wangu wameshiba?"

Kicheche akazidi kuinama.

"Bwana Mwamuzi," Ngiri akasema, "tukimnyoa tena, mkia utaota tena, naye ataiba tena. Mimi nataka sheria. Mwizi wa mara ya kwanza, anyolewe. Mwizi akirudia, atiwe katika lile shimo refu alilolichimba Mhanga, mwezi uishe yumo. Akirudia tena, afukuzwe, yeye na nyumba yake, aende Nyika ya Mifupa."

Vifaranga wa Kanga waliposikia jina hilo walisogeleana. Nyika ya Mifupa iko nyuma ya bonde. Haina maji, na wenyeji wake ni fisi.

Pongo hakuwa mtu wa kujibu upesi. "Ngojeni kwanza nicheue," alisema. Akacheua, akacheua, akacheua. Kisha akauliza, "Mnaonaje?"

"Na mtoto wa mwizi?" aliuliza Nungunungu. "Naye ana kosa?"

"Alikula kunde," alisema Ngiri.

"Na anayemwita mwizi, akamfungulia mlango?" Panya aliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote. "Huyo naye afukuzwe! Amfuate!"

Panya aliingia kihengeni kila siku ya Mungu kwa tundu lililo chini ya mawe. Lakini hakuwahi kukamatwa hata mara moja, kwa hiyo mbele ya sheria alikuwa msafi kuliko Pongo.

"Wanaokubali?" aliuliza Pongo.

Kanga aliinua bawa. Siku hizo watu walikuwa wakisema, Kanga halindi, Kanga anaoga vumbi. Alikuwa amechoka kusemwa. Aliinua bawa pamoja na wengine, na hakuliinua nusu, aliliinua lote.

Kicheche akashushwa shimoni. Hondohondo akapanda juu ya mti ili aitangaze sheria. Sasa Hondohondo, wenzangu, alipenda wimbo kuliko neno. Neno fupi alilirefusha, neno refu alilikata, ilimradi ngoma isivunjike. Akaimba:

*Mwizi akirudi, tumrudi!*
*Akirudi tena, asirudi!*
*Na amwitaye, amfuate!*

Wimbo ukapendeza. Jioni ile watoto wote wa Tulizana waliuimba wakirudi kisimani. Kicheche naye aliusikia kutoka chini ya ardhi.

Mfungwa hupelekewa maji na mlinzi wa kihenge, ndiyo desturi ya bonde. Basi Kanga akawa anakwenda shimoni na kipande cha kibuyu, asubuhi na jioni, vifaranga nyuma.

Siku ya kwanza Kicheche alimwita kutoka chini kwa jina alilopewa kwa madoa yake, "Mama Madoa! Upepo unatoka wapi?"

"Unatoka mashariki. Wa nini kwako?"

"Basi kaa mashariki, usije ukanusa harufu yangu. Mimi nimeizoea."

Kanga akakaa mashariki. Alipokuwa akirudi nyumbani aliwaza kwamba wenye harufu nzuri hawakuwahi kumuuliza upepo unatoka wapi.

Siku nyingine mvua ya mwisho wa msimu ilinyesha ghafla. Kanga alipofika mbio alimkuta Ngiri amepiga magoti kwenye tope, anachimba mfereji wa kuyageuza maji yasiingie shimoni.

"Mzee Ngiri! Unamwokoa?"

"Namwokoa nani?" Ngiri alinguruma bila kuinua kichwa. "Shimo likibomoka, nani atachimba lingine? Wewe, na miguu hiyo?"

Kanga akaitazama miguu yake. Lakini aliona kwamba mfereji ulikuwa mrefu kuliko ulivyohitajika.

Mwezi ulipoisha, Kicheche alipandishwa juu. Alikuwa amekonda, macho hayawezi jua. Panya alikuwa akimngoja njiani.

"Karibu sana mteja wangu! Mkia umejaa tena, naona. Lini tena?"

"Lini tena nini?"

"Lini unarudi?" Panya akacheka, akakimbia.

Kanga alimsindikiza Kicheche mpaka penye njia panda. Hapo ndipo aliposema neno lake, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kulisikia ila vifaranga.

"Baba Kidoto," alimwambia, maana mtoto wa Kicheche aliitwa Kidoto, "shida ikikubana, usipasue ukuta. Usije kwa kunyemelea. Rudi mchana kweupe, simama mbele ya kihenge, uniite. Mimi nitakusemea kwa wenzangu."

"Kweli, Mama Madoa?"

"Wewe rudi tu."

Wakaagana. Kanga hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba likitokea atasema, na lisipotokea, aseme nini?

Kiangazi kikaingia. Panzi wakaisha. Mchwa wakazama chini, mbali na kucha. Kidoto akashikwa na homa.

Kicheche akaenda kwa Nungunungu, akamkuta amejikunja, amelala. Akagonga, na kumgonga Nungunungu si kazi ya kurudia. Akaenda kwa Panya. Panya akamjibu mdomo umejaa, "Kwangu hamna kitu, ndugu, hali ngumu." Akaenda kwa Ngiri, akasimama mlangoni, akakumbuka kunde, akashindwa kuita. Akapita.

Ndipo akakumbuka neno la Kanga. Akaenda kihengeni mchana kweupe, akasimama mbele, mikono wazi, akaita.

"Mama Madoa!"

Kimya.

"Mama Madoa!"

Kimya.

"Mama Madoa!"

Kimya. Kanga hakuwapo. Alikuwa amewapeleka vifaranga kuoga vumbi.

Kicheche akasubiri. Jua lilikuwa kali na tumbo tupu, akaingia kivulini chini ya kofia ya kihenge, akakaa. Na juu ya mti alikuwapo Hondohondo.

"Amerudi!" akapiga mbiu. "Amerudi! Amerudi!"

Kanga aliisikia mbiu hiyo huku vumbi bado limejaa mgongoni. Alikimbia, vifaranga wakimfuata, na alipofika alikuta wamekwisha kusanyika wote. Kicheche alikuwa amefungwa kamba. Aliwekwa katikati, naye akaomba kwa upole asogezwe upande ule ambao upepo usingewapelekea wengine harufu yake. Wakamsogeza, wakamshangaa.

Ngiri akamkagua mdomo. Mtupu. Akamkagua kucha. Safi. Nungunungu akaizunguka kofia ya kihenge.

"Haikuguswa," alisema. "Hata unyasi mmoja. Hajachukua kitu."

"Wimbo hausemi akichukua," alijibu Hondohondo. "Wimbo unasema akirudi. Amerudi, hakurudi?"

"Karudi," wakasema.

"Ni mara ya tatu, siyo mara ya tatu?"

"Ya tatu."

"Basi!"

Pongo akasema, "Ngojeni kwanza nicheue." Akacheua. Kisha akamgeukia mfungwa. "Kicheche, ulifuata nini hapa?"

Kicheche aliinua macho. Alimtazama Kanga. Akawatazama vifaranga nyuma ya Kanga, mmoja mmoja, mpaka yule mdogo wa mwisho. Kisha akatazama chini.

"Nilikuwa nikipita."

"Ukipita, ukaketi?"

"Miguu ilichoka, Bwana Mwamuzi."

Wakacheka. Panya alicheka mpaka akajilaza. "Miguu yake huchoka penye karanga tu!"

Kanga hakucheka. Alikuwa ameelewa. *Na amwitaye, amfuate.* Kicheche aliukumbuka wimbo wote, hata ule mstari wa mwisho, na alikuwa akiumeza.

Pongo akatamka hukumu. Jua litakapovuka kile kichuguu, Kicheche aondoke bondeni pamoja na mwanawe, aelekee Nyika ya Mifupa, asionekane tena.

"Kidoto ana homa," alisema Kicheche. Hilo tu ndilo alilosema.

"Sheria ni ya nyumba nzima," alisema Hondohondo.

Pongo akauliza kama desturi inavyotaka, "Kuna mwenye neno?"

Kanga aliwatazama vifaranga wake. Wadogo walikuwa hawajaota manyoya ya bawa. Nyikani wangekuwa kitafunwa cha fisi kabla ya jua kuchwa. Akanyamaza.

"Kuna mwenye neno?"

Kanga alimtazama Kicheche. Kicheche hakuwa akimtazama tena. Aligeuza uso makusudi, mtu asije akayafuata macho yake yakamfikisha kwa Kanga. Kanga akanyamaza tena.

"Kwa mara ya mwisho, kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," alisema Kanga.

Sauti yake, iliyozoea kuvuka vilima, ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

"Sema, Mama Madoa."

"Alirudi kwa sababu mimi nilimwambia rudi. Nilimwambia, shida ikikubana usiibe, rudi mchana, uniite. Ameita, mimi sikuwapo. Nilikuwa naoga vumbi."

Mkutano ukalipuka.

"Mlinzi!" alipiga kelele Panya. "Mlinzi ndiye mwita mwizi! Nilisema mimi! Nani aliyesema siku ile? Si mimi?"

"Mama Madoa, umekuwaje?" Nungunungu alimnong'oneza. "Si ungenyamaza tu?"

"Mbona wewe hunyamazi ukichomwa?" alijibu Kanga.

"Mimi sichomwi, mimi nachoma," alisema Nungunungu, lakini alisogea, akasimama kati ya vifaranga na wale waliokuwa wakisukumana.

Hondohondo alikuwa amekwisha kupanda tawi la juu. Alifurahi, si kwa ubaya, ila wimbo wake ulikuwa haujawahi kutumika wote mpaka mwisho. Akajaza kifua:

*Mwizi akirudi, tumrudi!*
*Akirudi tena...*

"Simama hapo!" Ngiri alinguruma.

Kila mmoja alimgeukia. Ngiri alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, jambo ambalo halikuonekana sana.

"Rudia mstari ule wa kwanza. Usiimbe. Useme."

"Mwizi akirudi," alisema Hondohondo.

"Akifanya nini?"

"Akirudi."

"Mimi sikusema hivyo."

"Mzee Ngiri, wimbo huu unaimbwa tangu mavuno. Watoto wako wanauimba!"

"Naimbiwa nimeinamisha kichwa ardhini, nasikia ngoma, sisikii maneno. Leo nimesikia. Siku ile nilisema, mwizi *akirudia*. Akirudia wizi. Sikusema akirudi."

"Ni neno lile lile," alisema Hondohondo. "Nimelipunguza mkia kidogo tu, lipite mdomoni."

"Mzee wangu," alidakia Panya, "utamwachilia mwizi wa kunde zako kwa herufi moja?"

"Na kunde nayo ni mbegu moja," alisema Ngiri. "Nina meno mabaya, nina uso mbaya, lakini nililolisema nalijua. Sikuwaomba mfukuze mtu kwa kutembea. Nungunungu, wewe uliyekuwa karibu nami siku ile, nilisema nini?"

"Ulisema akirudia," alisema Nungunungu. "Nakumbuka, maana ulinitemea mate."

Watu wakacheka kidogo. Wakamtazama Pongo.

"Ngojeni kwanza nicheue."

Alicheua muda mrefu. Kivuli cha kichuguu kikasogea, hakuna aliyekitazama. Kisha akasema:

"Aliyerudi hajarudia. Kurudi ni kurejea. Kurudia ni kutenda tena. Na lipo neno la tatu, tunaliimba kila siku hatulisikii. Mzazi humrudi mwanawe, maana yake humwadhibu. Humrudi ili nini? Ili arudi. Kicheche tulimtia shimoni, tulimrudi. Leo amerudi: mchana, mikono wazi, anaita mlinzi kwa jina. Tukimfukuza kwa hilo, basi tulimrudi ili iweje?"

Hondohondo alifungua mdomo, akaufunga, na mdomo ule ukifungwa husikika.

"Mfungueni," alisema Pongo.

Kicheche akafunguliwa. Hakukimbia. Alisimama pale pale, bado upande wa chini ya upepo, kana kwamba hajui miguu yake ni ya nani.

"Sheria ya Ngiri inabaki," Pongo akaendelea. "Shimo lipo, na Nyika ipo. Kicheche, ukirudia, sitacheua. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana Mwamuzi."

"Na wewe, Mama Madoa."

Kanga akajisogeza mbele.

"Kumwita jirani mwenye shida si kumwita mwizi. Ule mstari wa tatu haukuhusu. Lakini uliahidi kumsemea mtu kwa mbegu za wote bila kutuambia wote, na ulipoitwa hukuwapo. Hilo ni kosa. Unalikubali?"

"Nalikubali."

"Umewahi kuhukumiwa hapa?"

"Sijawahi."

"Basi kosa la kwanza, adhabu ya kwanza. Panya!"

Panya alikuja akijilamba meno. Akamzunguka Kanga mara moja, akamzunguka mara mbili, akakuna kichwa. "Bwana Mwamuzi, huyu mkia wake ni kijiti. Ninyoe nini?"

"Tafuta penye manyoya mazuri."

Panya akatafuta. Akayaona yale ya kichwani, membamba, meusi, yaliyokuwa yakitikisika. Akayanyoa yote, kichwani mpaka shingoni. Kanga alifumba macho. Alipoyafumbua aliwaona vifaranga wake wamemkodolea.

"Mama," alisema yule mdogo, "kumbe una kichwa kidogo hivyo?"

"Kidogo," alijibu Kanga, "lakini kipo."

Watu wakaanza kutawanyika. Hapo Ngiri akamwendea Kicheche, akasimama mbali kidogo kwa ajili ya harufu.

"Mtoto anaumwa nini, ulisema?"

"Homa, Mzee Ngiri."

Ngiri akaenda kando, akapiga magoti, akachimba. Akang'oa mzizi mrefu, mchungu, akautupa miguuni pa Kicheche.

"Chemsha. Anywe moto. Na usinishukuru. Kunde zangu sijazisahau, sikuachii, ukinipitia mlangoni pita ukisikika."

"Nitapita nikisikika," alisema Kicheche. Akauchukua mzizi kwa mdomo, akaenda zake, na safari hii alikimbia.

Sheria ya Tulizana haikufutwa. Iliimbwa vile vile, ila Hondohondo alilazimishwa kulirudisha neno lote mahali pake, *mwizi akirudia, tumrudi*, na tangu siku hiyo wimbo ule unachechemea. Watoto hawaupendi tena. Wazazi wao ndio wanaoujua vizuri zaidi.

Na manyoya ya Kanga hayakuota. Mkia wa Kicheche uliota kila uliponyolewa, lakini kichwa cha Kanga kilibaki hivyo, na vifaranga wake walipokua nao wakawa hivyo, na wa kwao pia. Ukimwona leo, kichwa wazi, madoa mwili mzima, usimcheke. Alilipa kidogo akaokoa kikubwa.

Sasa funzo lake ni hili. Mwenye kurudia kosa huongezewa adhabu, hilo wazee walilikubali na halina ugomvi. Lakini kabla hujaongeza fimbo, tazama kwanza: huyu amerudia, au amerudi tu? Maana ukimpiga aliyerudi kama unavyompiga aliyerudia, kesho hatarudi mtu, watarudia wote.

Hadithi yangu nimeifikisha kwake, nimeilaza, nimeifunika. Aliyesinzia asiniombe niirudie. Mmesikia wenyewe, kurudia kuna adhabu yake, na Panya hajaacha kazi!

Na Kidoto je?

Kidoto alikunywa ule mzizi, akaulalamikia uchungu wake, akapona. Alipokua alihamia bonde jingine, akala panzi kama wenzake.